Siku Moja Maishani Mwangu: Meli ya Kitalii Inapotia Nanga Lamu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Baada ya swala ya alfajiri sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilishuka hadi gatini kutazama maji yamefika wapi kwenye ngazi, kwa sababu kazi yangu ya kuongoza wageni hupangwa na maji kabla ya kupangwa na saa. Mwezi mwandamo ulikuwa na siku tisa, yaani siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana, na kilele cha kujaa kingefika mnamo saa tano asubuhi. Lau ingekuwa bamvua, maji yangejaa kabla ya alfajiri na kupwa kabisa karibu na saa tano hiyo hiyo, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ingezidi mita 3. Mgeni anayesoma ratiba iliyochapishwa mbali na hapa hawezi kulijua jambo hili, na wala si wajibu wake kulijua.

Ratiba ya meli iliyokuwa ikija ilisema kwamba abiria wangetembelea magofu ya Takwa saa nane mchana. Kwa mwezi mwandamo wa siku tisa, saa nane ni wakati ambao maji yanatoka kwa kasi, na hori linaloelekea Takwa, katikati ya mikoko ya kisiwa cha Manda, huanza kuonyesha tope lake. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia wakala wa meli mapema, naye akakubali kuigeuza siku: mji kwanza kwa muda mfupi, kisha Takwa, kisha kijiji cha Shela, halafu mji tena alasiri.

Saa moja asubuhi

Nilikunywa chai kwa mahamri na mbaazi kwenye mkahawa wa karibu na soko, kisha nikamfuata nahodha ambaye hufanya naye kazi mara nyingi. Ni mtu mzima wa rika la baba yangu, na mbele ya watu wowote, wageni au wenyeji, humwita Ami.

“Shikamoo, Ami.”

“Marahaba, mwanangu. Wangapi leo?”

“Kumi na wawili. Wengine wamegawanywa kwa waongozaji wenzangu.”

“Basi tuchukue mashua. Jahazi litatulaza horini. Maji mafu haya.”

Kwa maneno hayo machache mpango wa siku ukawa umekamilika. Meli yenyewe tulikuwa tukiiona nje ya mlango wa Shela, nyeupe, imetulia. Si mojawapo ya zile kubwa zenye maelfu ya abiria, kwani hizo huishia Mombasa kwenye gati lenye kina. Hii ilibeba abiria wasiofika mia mbili, ilikuwa imetoka Ushelisheli, na baada ya Lamu ingeteremka kwenda Mombasa, Zanzibar na Kilwa.

Ingawa ina injini na haihitaji tanga, imekuja kaskazi kama vyombo vya zamani. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, na kusi ilipoanza mnamo Aprili yakarudi nayo makwao. Siku hizi sababu ni nyingine, kwamba kusi inapokolea bahari ya mlangoni huchafuka kiasi cha kuwafanya wazee kushindwa kushuka kutoka melini kuingia katika boti ndogo. Lakini matokeo ni yale yale, kwamba msimu wa wageni wa baharini ni kaskazi.

Saa mbili asubuhi

Boti za meli zilifika gatini na wageni wangu wakapanda ngazi mmoja mmoja, wengi wao wakiwa wastaafu. Bwana mmoja alikuwa na orodha ya bandari za kale za pwani yetu, na kabla hata hatujasalimiana vizuri aliniuliza ipi kati yao ndiyo kongwe zaidi. Nilimwomba anisubiri tufike baharini.

Waongozaji wengi huwapeleka wageni moja kwa moja kwenye Ngome. Mimi huanzia pale pale gatini, nikawasimamisha kando ya mahamali, kwa kuwa naona ni makosa mtu kusafiri maelfu ya kilomita kuja kutazama bandari ya kihistoria kisha akaipa mgongo bandari inayofanya kazi mbele ya macho yake. Mashua ilikuwa ikishusha saruji, unga na kreti za soda zilizovushwa kutoka Mokowe, ng’ambo ya pili. Mizigo hupakiwa kwenye mikokoteni na migongoni mwa punda, kwa kuwa vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Mama mmoja alinong’ona kwamba anawaonea punda huruma. Nikamwambia kuwa hapa mjini kuna kituo cha kuwatibu kilichoanzishwa mwaka 1987, na kwamba hata mwenye punda akimpenda mnyama wake kiasi gani, saruji haiwezi kupanda yenyewe hadi mtaa wa Mkomani.

Tuliingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale, tukapita hadi nyumba ya kale inayohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Humo huwaomba wageni wanyooshe macho juu kabla ya kutazama vidaka na nakshi za chokaa. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti iliyonyooka haina urefu wa kutosha, upana wa chumba hauzidi mita 3 hivi, ingawa urefu wake unaweza kuendelea upendavyo. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwa karne nyingi boriti zilikuwa miongoni mwa shehena kuu za majahazi yaliyorudi Ghuba, hadi serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wake kwenda nje. Kwa hiyo katika nyumba za kale za Ghuba, kunakokosekana miti, utakuta vyumba vyembamba kama vyetu na dari lililokatwa kwenye mahori yetu. Bwana mwenye orodha aliandika hilo, nami nikafurahi, maana lilikuwa jambo la kwanza aliloliandika ambalo halikuwa tarehe.

Saa tatu na nusu asubuhi

Tuling’oa nanga. Ndani ya mashua nilimjibu swali lake kwa kumweleza kwamba bandari hizi hazikuwa zikishindana kwa umri, bali ziliegemeana. Msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alitua Mombasa kisha Kilwa, wakati Kilwa ilipokuwa imetajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala. Malindi ilipeleka twiga katika ikulu ya China mwaka 1415. Na Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipata huko rubani na, jambo ambalo husahauliwa, alipata pia upepo: kwa kusi alivuka hadi Calicut, Bara Hindi, katika muda usiofika mwezi mmoja. Aliporudi hakungoja kaskazi itulie. Kuvuka kukachukua takriban miezi 3, mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, na Januari 1499 alifika tena Malindi akiwa na watu wachache wenye nguvu za kufanya kazi. Ami, ambaye hisia zake kuhusu Wareno ni fupi, alisema tu kwamba angeuliza angeambiwa.

Saa nne na nusu hadi saa sita kasorobo

Hori la Takwa lilikuwa na maji ya kututosha, si zaidi. Mikoko ilisimama pande zote mbili hadi tukafika mahali pa kushukia, na mlinzi wa magofu akatupokea.

Takwa ulikuwa mji wa mawe ulioshamiri katika karne ya 15 na ya 16, ukahamwa katika karne ya 17. Msikiti wake mkuu una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji liko kaburi la nguzo lenye tarehe ya Hijria inayolingana na miaka ya mwanzo ya 1680. Karibu milango yote ya nyumba inaelekea kaskazini, upande wa Makka. Wageni hupenda kuuliza ni adui gani aliyeuangamiza mji huu, na mimi huwapeleka kisimani. Wanahistoria wanautaja uhasama na Pate, mji wa kisiwa jirani, lakini wanataja pia maji ya visima kuingiwa na chumvi, na kwangu sababu hii ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa adui huondoka ila chumvi hubaki. Husemwa kwamba watu wa Takwa walivuka wakaenda Shela, na mpaka leo watu wa Shela huja hapa kumwomba Mungu mvua.

Tulikaa muda mrefu zaidi ya nilivyopanga, hadi Ami alipopiga mluzi kutoka horini. Maji yalikuwa yameanza kugeuka.

Saa saba mchana

Kabla ya kufika Shela niliwaonyesha ufukwe ambako, mnamo mwaka 1812, jeshi la Pate na la Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, lilishuka ili kuiteka Lamu. Walishindwa, wakakimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Wengi waliuawa pale pale. Bwana mwenye orodha alitazama saa yake, akatazama maji, akacheka peke yake.

Chakula kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na maji ya ukwaju, na baada ya swala ya adhuhuri tulitembea kuelekea vilima vya mchanga. Katika vitabu vya utalii mahali hapa ni ufukwe wa kilomita 12 na mandhari ya kupiga picha. Kwetu ni tangi la maji: mvua huzama mchangani na kukaa chini kama maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi, na visima vilivyochimbwa humo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Mtu akijenga hoteli juu ya vilima hivi, au akivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda. Baada ya kutoka Takwa asubuhi ile ile, hakuna aliyenihitaji nieleze zaidi, na hiyo ndiyo sababu napenda kuvipanga vituo hivi viwili katika siku moja, kwa utaratibu huo, kila maji yanaporuhusu.

Saa tisa na nusu alasiri

Ngome ilipita haraka. Ilijengwa baada ya vita vya Shela, Lamu ilipoomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, ikakamilika mwaka 1821, na ikatumika kuwa gereza hadi mwaka 1984. Katika makumbusho ya pwani tulisimama mbele ya siwa, yaani mabaragumu ya sherehe, moja ya pembe ya ndovu kutoka Pate na nyingine ya shaba ya Lamu, kisha nikawaachia nusu saa wanunue kofia na vikoi bila mimi kuwasimamia. Sipendi kuandamana na mgeni dukani. Mwenye duka hudhani nangoja fungu langu, na mgeni naye hudhani vivyo hivyo.

Saa kumi na moja jioni

Boti ya mwisho iliondoka gatini. Maji yalikuwa yamepwa, lakini kwa kuwa ni maji mafu ngazi za chini zilibaki na kina cha kutosha, na mama mwenye fimbo alishuka bila kubebwa. Bwana mwenye orodha aliniuliza Kilwa itakuwa na maji ya namna gani watakapofika. Nilimhesabia siku kwa vidole: watafika karibu na mwezi mpevu, bamvua, na asubuhi bahari itakuwa imekwenda mbali, basi awaambie mapema wanaopanga ratiba.

Saa mbili usiku

Tulikaa barazani kwa Ami tukagawana ujira: wa mashua, wa mafuta, wa kijana wa tanga, wa kwangu. Simu ililia. Familia moja kutoka Nairobi ilitaka kwenda Matondoni kesho kutazama majahazi yanavyoundwa, nao walitaka kuondoka saa mbili asubuhi. Nikawaeleza kwamba kesho maji yatajaa karibu na saa sita, hivyo mashua itaondoka saa nne. Na kama ni lazima iwe saa mbili, wataenda kwa punda. Wakachagua saa nne.