Jani Lenye Pindo

Nilikuwa kidato cha pili, kijijini kwetu upande wa Konde, Pemba. Mwalimu wa bayolojia alitutaka tulete majani ya miti miwili iliyo ndugu, na tueleze undugu wenyewe tumeujuaje. Sikusita. Nilichuma jani la mkarafuu na la mdalasini. Vyote viungo, vyote vinaingia kwenye pilau. Undugu gani tena?

Usiku ule mvua ilinyesha. Karafuu zilikwishaingizwa ndani na majamvi kukunjwa, nyumba nzima inanukia. Bibi, aliyekuwa akichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, aliniona nabandika majani kwenye daftari. Akayachukua, akayainua mbele ya kandili.

"Hawa si ndugu, mjukuu wangu. Hebu tazama."

La mdalasini lilikuwa na mishipa mitatu minene, imetoka pamoja karibu na kikonyo, ikapanda sambamba kuelekea nchani. La mkarafuu lilikuwa na mshipa mmoja wa katikati, na ubavuni mwake vijishipa vyembamba, vingi, vimesongamana. Mimi nilidhani vinafika ukingoni. Bibi akapitisha ukucha taratibu: havifiki. Vyote vinaishia kwenye mstari mwembamba uliolizunguka jani, ndani kidogo ya ukingo.

"Lina pindo," alisema. "Kama kanga."

Akanituma nyuma ya nyumba, mvua ile ile, nikalete jani la mzambarau. Pindo hilo! La mtofaa wa kwetu, si ule wa matofaa ya Ulaya, nalo vivyo hivyo. La mpera ndilo lililomchelewesha: mishipa yake imetuna kwa chini, na pindo halijitokezi vizuri. Akalisogeza karibu zaidi na mwanga mpaka tukaviona vitone vidogo vya mafuta, kama vile vya kwenye mkarafuu.

"Huyu wa mbali. Lakini wa ukoo."

Miaka mingi baadaye nilikuta ndivyo wataalamu wanavyoipanga. Mkarafuu, mzambarau na mtofaa ni jenasi moja, yaani kundi moja la ndugu wa karibu, Syzygium. Mpera ni wa familia yao, Myrtaceae. Mdalasini uko familia nyingine, pamoja na mparachichi. Mpaka leo hunishangaza: mkarafuu asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia, na mzambarau umetoka upande wa Bara Hindi, wakaja kukutana uani kwetu na pindo zao zile zile.

Asubuhi nilikwenda shule na jani la mkarafuu na la mzambarau. Lile la mdalasini Bibi alikwishalitia kwenye birika la chai.