Jinsi nilivyozuia zinia kulegea shingo

Wateja wangu wa maua walikuwa na lalamiko moja: zinia zinalegea shingo, yaani shina linapinda chini ya ua, kesho yake tu, ilhali alizeti za shamba hilo hilo bado zimesimama. Kwa hiyo niliacha kulaumu joto, nikaangalia ninavyovuna.

Zinia ikishakatwa haifunguki zaidi, na rangi yake hudanganya: ua limechanua vizuri, kumbe shina bado laini. Sasa nashika shina kama sentimita 20 chini ya ua na kulitikisa kidogo. Likiyumbayumba, naliacha. Likikaa kakamavu kama fimbo, nakata. Alizeti ni kinyume chake, hukatwa petali zinapoanza tu kuinuka.

Zilibaki ndoo za maji ninamoweka maua. Zikiwa chafu, bakteria huziba mirija ya shina, ua likafa kwa kiu likiwa majini. Nazisugua kwa sabuni na klorini, na kila jani ambalo lingezama nalipukutisha. Navuna alfajiri, kisha maua yanakunywa maji kivulini saa chache kabla ya kuuzwa. (Jua likiwa kali sikati, hata mteja abembeleze vipi.)

Malalamiko yaliyobaki ni ya bei.