Kengeleni hadi Rabai, na goti la mama

Teksi ya siku nzima ilinishinda bei. Mama naye alikuwa keshasema, "Mwanangu, nipeleke Rabai kabla goti halijanifungia ndani."

Safari ya kwanza niliivuruga mwenyewe. Tulianzia Rabai, huko bara nje ya Mombasa, tukarudi jioni, foleni ya Daraja la Nyali ikatumaliza. Makaburi ya Mkomani yalitupita gizani.

Mara ya pili nikageuza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuktuk ilitushusha Mkomani, alikozikwa Rosine, mke wa mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, pamoja na mtoto wao mchanga. Krapf na mkewe walifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo Rosine na mtoto wakafa. Mama alikaa pale kimya muda mrefu, nikaogopa kumharakisha.

Kutoka hapo tukapitia kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa 1875. Miaka yote nagombania matatu Kengeleni, na sikuwahi kujiuliza jina limetoka wapi!

Tukavuka Nyali mapema, tukabadilisha gari mjini, tukashukia Mazeras. Hapo ndipo nilipookoa pesa: nilipatana na mwenye tuktuk atungoje kutwa, nusu ya nauli mkononi, nusu tukirudi. Ukimlipa yote mapema utamtafuta.

Rabai, kanisa la zamani sasa ni makumbusho, na nyumba za Krapf na mmishonari mwenzake Rebmann ziko jirani. Misheni yao ilianza 1846, na ni Rebmann aliyetoka huku akaiona theluji ya Kilimanjaro 1848. Wasomi wa Ulaya walimbishia: theluji karibu na ikweta? Mama akacheka, "Wangekuja wenyewe."

Kisha akataka tumsalimie shangazi yake ng'ambo ya Mto Kombeni. Darajani dereva akasimama. Mvua ilikuwa imeguguna ukingo, na kingo za kushikia hazikuwapo.

"Nyanya, shuka uvuke kwa miguu, mimi nitapita na tuktuk tupu."

Mama akanishika bega, hatua moja, pumzi, hatua nyingine. Katikati akasimama kutazama maji mekundu.

"Haya yanakwenda wapi?"

"Hori ya Tudor, nyanya," dereva akajibu. " Halafu chini ya Daraja la Nyali, hadi baharini."

"Kumbe ni yaleyale ya asubuhi," akasema. "Na bado kurudi."