Shilingi iliyonila elfu moja na mia tano

Niliinunua kwa kijana mmoja mjini: shilingi ya mwaka 1975, upande mmoja Mzee Kenyatta kama kawaida, na upande wa pili, juu ya nembo ya taifa, kichwa kilekile kimegeuka na kuzama ndani kama alama ya kiatu kwenye tope. "Hii ni makosa ya kiwandani, mzee. Hazipatikani." Nikatoa elfu moja na mia tano. Nilishasoma kwamba sarafu ikikwama kwenye muhuri wa mashine, inayofuata hutoka na sura iliyogeuka. Kusoma nusu ndiko kulikonimaliza.

Shemeji yangu hufua masufuria Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali Nairobi, na sarafu kwake ni za nauli tu. Aliigeuzageuza kwenye jua, akauliza, "Na huyu simba anafanya nini hapa?" Kweli. Pembeni mwa kidevu kilichozama, mguu wa simba na ncha ya mkuki vilikuwa bado vinaonekana, vimelala bapa. Sarafu iliyokwama ingekuwa imeufunika muhuri wa nembo, na simba asingechapika hata ukucha. "Shem, hizi ni mbili zimebanwa kwenye jiliwa." Upande wa Mzee nao, shavu lilikuwa limesagika pale lilipoegemea taya la chuma la kifaa hicho cha kubania.

Akachukua kipande cha bati, akakikwaruza kwa msumari, akanipa nipitishe kidole. Mfereji, na kingo zake zimeinuka pande zote mbili. Ukikwaruza, chuma husogea tu. Hapo ndipo nilipoelewa kobole yangu ya zamani, sarafu ya shilingi tano, yenye uzi mwembamba kutoka ukingoni hadi katikati. Uzi ule umeinuka, haukuzama: muhuri wenyewe ulipasuka, chuma kikajaa ufa wakati wa kupigwa. Hakuna msumari unaoweza kufanya hivyo.

Sarafu zilizong'atwa ukingoni, zenye pengo kama la meno, zilinisumbua zaidi. Mizani haisaidii, maana hata aliyekata kwa tupa amepunguza uzito. Siku hizi natumia lenzi ya fundi saa, na jicho langu haliendi kwenye pengo, linaenda ng'ambo ya pili. Kipande cha chuma kikiwa na pengo kabla ya kupigwa muhuri, ukingo unaolikabili pengo hilo huwa hafifu, kwa sababu wakati wa kuuinua hapakuwa na kitu cha kusukumana nacho. Ukingo ukiwa mzima na mkali pande zote, na ndani ya pengo kuna mistari ya tupa, namrudishia mwenyewe kwa heshima. Mbao zilizotoka kitovu, yaani sarafu za shilingi ishirini, zile za madini mawili, sizigusi kabisa; nyundo na dakika mbili zinatosha kuzitengeneza.

Ile ya 1975 bado ninayo. Shemeji anaitaka aitoboe aifanye washa, ile pete ya kukazia mkono wa sufuria. Nimemkatalia, kwa sasa.