Jinsi nilivyofikisha vifurushi vikavu msimu mzima wa mvua

Nilipoanza kazi ya kusambaza vifurushi vijijini, karibu kila dereva niliyekutana naye alinipa ushauri uleule: ukifika penye tope, kanyaga mafuta wala usiachie. Niliuamini kwa sababu waliousema walikuwa wamekaa barabarani kwa miaka mingi, na niliulipia kwa namna ambayo mpaka leo inaniuma. Sasa nimemaliza msimu mzima wa mvua bila kupoteza wala kulowesha kifurushi hata kimoja, nikiendesha pikapu ya kawaida inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Nimeona nieleze ilivyowezekana, kwa kuwa vijana wanaoingia katika kazi hii bado wanapewa ushauri huohuo, na wanaoumia ni watu walioagiza mizigo yao.

Siku niliyokwama vibaya kuliko zote, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha ikakatika alfajiri. Nilikuwa nimebeba vifurushi 14, kikubwa kuliko vyote kikiwa boksi la vitabu vya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Jua lilipopanda, uso wa barabara ulionekana umekauka. Ulikuwa umepauka na kufanya nyufa nyembamba, nami nikafurahi kwamba mvua imeniachia njia. Sikujua kwamba nilikuwa nikitazama ganda tu. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, hazifiki hata milimita 0.002, na maji yakishajipenyeza katikati yake hayatolewi na jua la saa mbili tatu. Juu hukauka, chini hubaki utelezi mtupu. Barabara ya changarawe au mchanga haina tabia hiyo, kwa sababu maji hupita kati ya punje zake na kuzama, lakini siku ile sikuwa najua kutofautisha udongo na udongo.

Nikakanyaga mafuta kama nilivyofundishwa. Gari likaingia kwa kasi, likaenda mita kama 20, ganda likapasuka, na sehemu ya nyuma ikaserereka kuelekea mtaroni. Nikazidi kukanyaga. Mifereji ya tairi ikishajaa tope, tairi jipya halina tofauti na tairi kipara, hivyo magurudumu yalizunguka mahali pamoja yakijichimbia, na kabla ya dakika tano difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa imelala juu ya matope. Nikakata matawi nikayasukuma chini ya tairi; yakarushwa nyuma yote kwa mara moja. Nikaleta jeki nikaiweka juu ya tope na kuanza kuinyanyua, na badala ya gari kupanda, jeki yenyewe ikazama mpaka sikuiona tena. Nikaichimbua kwa mikono, nikaijaribu upande wa pili, ikazama vilevile. Wakati huo mawingu yalikuwa yamerudi na mvua ikaanza upya.

Vifurushi nilikuwa nimevifunika kwa turubai, tena turubai zuri, na niliamini hapo sina wasiwasi. Ila gari lilikuwa limeinama upande mmoja, na matundu ya kutolea maji kwenye bodi yalikuwa yamezibwa na tope. Maji yaliyopenya pembeni yakajikusanya kwenye kona ya chini, mahali hasa nilipoweka boksi la vitabu kwa kuwa lilikuwa zito. Boksi la karatasi hubeba uzito wa vilivyo juu yake kwa pembe zake zaidi kuliko kwa kuta. Pembe zikilowa, halina nguvu tena. Boksi lile likalegea, likabonyea, na vifurushi viwili vilivyokuwa juu yake vikaangukia majini.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akitoka shambani na jembe begani. Alisimama akanitazama kwa muda nikikanyaga na kuachia, kisha akasema, “Mwanangu, zima kwanza hiyo injini. Kila ukikanyaga unaongeza kazi yetu.” Nikazima. Akaniamuru nishushe mzigo wote, jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa kuogopa mvua, nasi tukaubeba hadi chini ya mti uliokuwa kwenye kijiinuko na kuufunika huko kwa turubai. Halafu akaenda kuleta kipande cha ubao mpana, akasawazisha tope kwa jembe, akalaza ubao, akaweka jeki juu yake. Nilipoinyanyua, safari hii gari likapanda.

Jambo aliloniambia baada ya hapo ndilo lililobadilisha kazi yangu. Nilitaka kuwasha gari papo hapo, naye akakataa. Tuliacha gurudumu likining'inia hewani, tukalijaza shimo lililokuwa chini yake kwa mawe, makubwa chini na madogo juu, mpaka shimo likawa juu kidogo kuliko tope lililolizunguka. Tukateremsha gurudumu likakaa juu ya mawe, kisha tukahamia upande wa pili na kurudia kazi ileile. Mbele ya kila gurudumu tukachimba mteremko mrefu wa taratibu badala ya ukingo mkali, nao tukautandika mawe. Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili. Nilipowasha gari na kuachia klachi polepole katika gia ya pili, gari lilitoka bila kuguna wala kurusha hata tonge la tope. Nilikuwa nimekaa pale tangu saa tatu asubuhi, na ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni.

Mwalimu alipolifungua boksi lake, kurasa zilikuwa zimevimba na kushikana. Hakunigombeza. Alisema tu, “Pole kwa safari, kijana wangu,” akaanza kuvitenganisha vitabu kimoja kimoja na kuvisimamisha mezani vikauke. Laiti angenifokea, ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Tangu siku hiyo sehemu ninayoitilia shaka siipiti kabla ya kuitembea kwa miguu. Nina fimbo niliyoitia alama kila sentimita 10, nayo naichomeka katikati ya njia na penye alama za magurudumu ya waliotangulia, nikisikiliza mkono: ikigota kwenye kitu kigumu baada ya tope kidogo, panapitika, ikizidi kwenda bila kugota, natafuta njia nyingine. Pakiwa pa mashaka, nashusha nusu ya mzigo, navuka na nusu ya kwanza, kisha narudi kuchukua iliyobaki. Madereva wenzangu huniambia ninapoteza muda. Kuvuka mara mbili hakujawahi kunigharimu zaidi ya dakika 40, na kukwama mara moja kulinigharimu siku nzima na boksi la vitabu.

Lazima nikiri kwamba ndani ya ule ushauri mbaya kulikuwa na chembe ya ukweli, na pengine ndiyo iliyoufanya udumu. Ni kweli kwamba hupaswi kusimama katikati ya tope. Lakini mwendo usiokatika si mwendo wa kasi. Mimi huchagua gia kabla ya kuingia, mara nyingi ya pili, na siibadilishi mpaka nitoke. Mguu kwenye mafuta hukaa palepale, na usukani hauzungushwi kwa ghafla. Gurudumu likianza kuzunguka bure naachia mafuta mara moja, kwa sababu likiwa limezama sentimita tano bado naweza kurudi nyuma kwa njia niliyojia, na likifikia difu sina tena la kuchagua.

Kuna ushauri mwingine ulionikera zaidi, wa kwamba gari lenye mzigo lijazwe upepo mpaka tairi liwe gumu kama jiwe. Kwenye lami, tairi lililojazwa kwa kiwango chake ndilo sahihi, na sibishani na hilo. Kwenye tope, tairi gumu hukata kama kisu. Ukilipunguza upepo linatandaa, sehemu inayogusa ardhi inakuwa ndefu zaidi, na uzito wa gari unagawanyika mahali pakubwa. Kwa gari langu na mzigo wangu, nikifika kwenye utelezi natoa upepo kutoka psi 36 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) hadi 24 hivi, naendesha chini ya kilomita 20 kwa saa, na nikitoka nasimama kujaza tena kwa pampu ya mkono kabla sijaongeza mwendo. Kujaza ni lazima: tairi laini likikimbizwa hupata joto kali na linaweza kupasuka, au kuvuka rimu kwenye kona. Pampu na kipimo cha upepo nilivinunua kwa fedha kidogo kuliko ninazotumia kwa mafuta ya wiki moja, na sijui nilikuwa nasubiri nini muda wote ule.

Mbao mbili pana hazitoki garini mwangu sasa, pamoja na koleo fupi na kamba nene. Kuhusu kamba naomba sana: gari linapovutwa, watu wote wakae mbali, tena pembeni, na nguo nzito au gunia lenye mchanga litundikwe katikati yake. Kamba iliyovutwa kwa nguvu ikikatika hurudi kama mjeledi, nami nimeona moja ikivunja kioo cha mbele cha gari ambalo, kwa bahati, halikuwa na mtu ndani.

Mito ni habari nyingine kabisa, na hapo nimekataa kusikiliza ushauri wa mtu yeyote. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuliinua na kulisukuma gari dogo, na yakifika sentimita 60 yanabeba magari mengi, pikapu zikiwamo. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, kwa hiyo mto uliouvuka jana bila shida si mto ule wa leo. Maji ya namna hiyo siyaingii kwa gari wala kwa miguu. Nachomeka kijiti kwenye ukingo, pale pale maji yanapoishia, nakaa garini na kukitazama kila baada ya dakika 15. Maji yakirudi nyuma ya kijiti, mto unashuka na nangoja. Yakikipita, nageuza gari mapema, kabla korongo nililolivuka nyuma yangu halijajaa nalo. Kijiti hicho kimenifanya nilale njiani mara mbili, na asubuhi ya siku zote mbili nilivuka maji yasiyofika kwenye kifundo cha mguu.

Kwenye maji yaliyotuama napima kina kwa fimbo, na yasipozidi katikati ya gurudumu naingia polepole bila kutengeneza mawimbi. Injini ikizimika majini, usiiwashe tena. Huenda imevuta maji, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyagonga, vyuma ndani ya injini hupinda. Baada ya kutoka, naendesha taratibu nikigusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke na kuanza kushika.

Upande wa mzigo wenyewe, nilitengeneza kitanda cha mbao kinachoviinua vifurushi sentimita 10 juu ya bodi, nikaongeza matundu ya kutolea maji, na kila asubuhi nayazibua kwa waya. Kila kifurushi kinaingia kwenye mfuko wake wa nailoni, mdomo ukikunjwa mara mbili na kuelekezwa chini, kisha turubai linafuata. Cha mwisho kushushwa hupakiwa kwanza, ili nisipekue mzigo wote kwenye mvua nikitafuta kimoja. Orodha ya sahihi ilikuwa ikinisumbua mno, kwani kalamu ya wino haiandiki vizuri kwenye karatasi yenye unyevu, na kilichoandikwa huchuruzika. Nikahamia penseli. Nimeitumia msimu wote na hakuna jina hata moja lililofutika.

Mwezi wa mwisho wa mvua nilikuwa na boksi jingine la vitabu la mwalimu yuleyule. Nilifika kwenye ile sehemu niliyokwama; ilikuwa na ganda lilelile la kijivu lenye nyufa. Nilisimama, nikashuka na fimbo yangu, na ilipozama hadi alama ya tatu nikashusha nusu ya mzigo, nikatoa upepo, nikavuka mara mbili kwa kupitia ukingo wa juu ambako kulikuwa na mizizi ya majani. Nilichelewa kama saa moja na nusu. Mwalimu alilipokea boksi kibarazani, akalikata utepe, akachukua kitabu cha chini kabisa na kupitisha kidole gumba kwenye kurasa zake zote, zikafunguka kwa sauti ya karatasi kavu. Alinitazama bila kusema neno. Nilimpa penseli akatia sahihi, akahesabu vitabu vyote 32, nami nikageuza gari mapema kwa sababu upande wa mto kulikuwa kumeanza kuwa kweusi.