Boga, Zabibu na Baba Mkwe

Baba mkwe hakuwahi kuja kwetu mikono mitupu. Hata Septemba ile ya 2017, alipokuja mjini kung'olewa meno, alishuka kwenye basi la Mvumi na gunia zima la maboga. Bodaboda ilipakia gunia, yeye na mama mkwe wakaja nyuma kwa miguu, kwa sababu pikipiki moja isingebeba mzigo na wazee wawili, na mzee hakuwa tayari kulipia mbili.

Tulikuwa tumepanga Nkuhungu. Dodoma bado ilikuwa manispaa. Hadhi ya jiji ilikuja Aprili ya mwaka uliofuata. Lakini watumishi wa serikali walikuwa wanahamia, nyumba zinachipuka kila kona, na mume wangu, ambaye ni fundi umeme, alikuwa anatoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Kwa hiyo mgonjwa alibaki mikononi mwetu wanawake: mimi, mama mkwe, na binti yangu ambaye mwaka huo alikuwa darasa la kwanza.

Meno manne ya chini yalitoka, fizi zikashonwa. Masharti ya daktari tuliyashika vizuri: chakula kiwe laini, kiwe vuguvugu, kisiwe na punje wala kokwa ya kuingia kwenye vidonda, na asinyonye kitu kwa mrija. Ukiyasikia hospitalini unaona ni mambo mepesi. Ukifika nyumbani na mzee wa Kigogo aliyekulia ugali wa uwele na mlenda, ndipo unagundua karibu kila anachokipenda kina punje.

Tukaanza na uji. Akanywa vijiko viwili, akausogeza. "Uji ni wa mzazi na mtoto," alisema, na hakuugusa tena. Maziwa mgando alikubali, lakini mtu mzima hashibi maziwa peke yake, hata awe mfugaji. Mama mkwe akachemsha boga kutoka kwenye lile gunia, akidhani hapo tumepata. Maboga yale yalikuwa yamevunwa mwezi wa tano, baada ya mvua kukata, na yamekaa ndani muda wote huo. Boga lililokaa hivyo linazidi utamu maana wanga wake unageuka sukari, lakini nyama ya maboga yale ilikuwa kavu, ya unga. Ule unga ukamganda kwenye nyuzi za daktari. Siku hiyo mzee hakusema na mtu.

Na hata angesema, asingesema na mimi. Miaka ile ya mwanzo mimi na baba mkwe tulikuwa tunasalimiana kwa heshima zote na kuishia hapo. Akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mkewe, au kwa mjukuu. Mimi nami hivyo hivyo. Sikuona ubaya wowote. Hata kwetu Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mkamwana hapigi soga na baba wa mumewe.

Mwishowe nilimpikia mzee supu ya boga la kuokwa, na Lushoto ndiko supu hiyo ilikotoka, kwa upande wangu. Kabla sijaolewa nilifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni ya masista. Msimamizi wa jiko alikuwa sista Mjerumani, mzee tayari, mwenye mikono myekundu na maneno machache. Ikifika Septemba alikuwa anashikwa na ugonjwa wa kukumbuka kwao. Kwao huo ndio mwezi ambao maboga na matufaha yanakomaa kwa pamoja, kabla baridi haijafunga kila kitu, kwa hiyo vinaingia sinia moja, ovenini, halafu sufuria moja. Alitupikia kila mwaka, nasi vijana wa jikoni tulikuwa tunakonyezana: mtu anawekaje tunda kwenye supu? Kisha tunaramba sufuria.

Alikuwa na sheria chache na hakuzilegeza. Boga lisichemshwe. Ukilichemsha unaliongezea maji ambayo halikuyaomba. Ukilioka unayatoa yaliyomo, utamu unabaki umejikusanya, na kingo zikishika rangi ya kahawia ndipo ladha inapozaliwa. Usiligeuze geuze. Kitunguu saumu kiokwe na maganda yake, kisiungue. Tunda liwe na uchachu, maana kazi yake ni kuukata utamu wa boga, siyo kuongeza mwingine. Krimu iingie mwisho, sufuria ikiwa imeshatoka motoni.

Nikaenda soko la Majengo kutafuta matufaha. Yalikuwepo, yale mekundu yanayong'aa kutoka Afrika Kusini, yamepangwa kama vito na bei yake ni ya vito. Nilinunua moja nikalionja palepale. Tamu tupu. Tamu juu ya tamu, na mzee hana kisukari lakini angekipata. Nikamalizia kulitafuna njiani huku nawaza.

Jibu lilikuja lenyewe jioni, kwa ndoo. Jirani yetu alikuwa na ekari kadhaa za zabibu huko Mpunguzi. Watu wengi wanajua Dodoma ina zabibu. Wachache wanajua kwamba huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na mwisho wa mvua na mara nyingine Agosti kuingia Septemba. Mvuno ule mnunuzi wake alichelewa kuja, na zabibu haimsubiri mtu. Akawa anagawa kwa majirani kabla hazijachacha. "Mbukwenyi!" akaita mlangoni, mama mkwe akamwitikia kwa Kigogo, wakaanza maongezi marefu ambayo mimi nilishika nusu yake. Ndoo ikabaki kwetu. Zilikuwa zile nyeusi za Makutupora, ndogo, ganda gumu, kokwa nyingi, zenye ukali ambao walaji wa zabibu za mezani hawaupendi. Nilipoitia moja mdomoni nikamkumbuka sista.

Oveni sikuwa nayo. Nilikuwa na jiko la mkaa na ujuzi ambao kila mwanamke aliyewahi kuoka keki ya sikukuu bila umeme anao: sufuria nene, moto mdogo chini, sinia la bati juu, na makaa mengi juu ya sinia. Kupalia, basi. Mama mkwe alipasua boga kwa panga, maana ganda lilikuwa limekomaa kama ubao, akatoa mbegu na kuziweka pembeni kwa ajili ya kukaanga. Nililikata vipande virefu bila kulimenya, nikavipaka mafuta ya alizeti na chumvi, nikavipanga upande wa nyama ukiangalia chini. Vitunguu vya Singida vikakatwa mara nne, karoti mbili, kichwa cha kitunguu saumu kizima. Zabibu sikuzichanganya. Zingetoa maji na kulifanya boga lichemke badala ya kuokeka. Zilikaa kwenye kibakuli cha bati, nikaziingiza baadaye, juu kabisa.

Septemba Dodoma ni mwezi wa upepo. Unatoka mashariki na vumbi lake, na ukikuta makaa yamewekwa wazi juu ya sinia unafurahi. Tulihamia nyuma ya nyumba, tukajikinga na bati lililobaki kwenye ujenzi wa mwenye nyumba, na bado kila nikifunua nilikuwa natega mgongo ili majivu yasiingie. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda akiutazama mkaa wangu ukiisha. Hakusema kitu, lakini jicho lake lilikuwa linahesabu.

Binti yangu alikuwa ndiye redio yetu. Alikwenda ukumbini akarudi.

"Babu anauliza unapika nini."

"Mwambie boga."

Akaenda, akarudi.

"Nimemwambia na zabibu unazichoma. Anasema nikuulize kama umeamka salama."

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Harufu ndiyo iliyonyamazisha maswali. Boga lililookwa halinuki kama la kuchemsha. Linanuka sukari inayoungua kidogo, na zabibu zilipopasuka maji yake yakawa mazito, meusi, yenye harufu ya jamu. Nyama ya boga ilitoka kwenye ganda kwa kijiko. Kitunguu saumu nilikikamua kikatoka laini kabisa.

Hapo pana jambo moja ambalo sista hakunifundisha kwa kuwa tufaha halina shida hiyo. Kokwa ya zabibu ukiisaga inatoa uchungu, na uchungu huo hauondoki kwa sukari wala chumvi. Kwa hiyo zabibu nilizisukuma kwanza kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, maganda na kokwa vikabaki juu, maji mazito yakashuka. Ndipo vyote vikaingia kwenye blenda pamoja na maji ya moto na kipande cha tangawizi. Nikasaga sana. Kisha nikachuja tena, kwa hofu ya zile nyuzi mdomoni mwa mzee.

Likabaki suala la krimu. Madukani siku hizo niliiona mara chache, na bei yake ilikuwa ya wageni. Maziwa ya ng'ombe yalikuwepo, ila maziwa yakikutana na uchachu na joto yanakatika; krimu inavumilia kwa sababu ya mafuta yake mengi. Nilijaribu kwenye kikombe kwanza, kijiko cha maziwa kwa kijiko cha supu, na vikatengana mbele ya macho yangu. Mama mkwe alichungulia kikombe, akainuka bila neno, akatoa karanga kwenye fuko lake. Akazikaanga kidogo, akapepeta maganda, akatwanga kinuni mpaka zikaanza kutoa mafuta, akatwanga tena. Tukazichemsha na maji kidogo, tukazichuja kwa kitambaa. Lile tui la karanga lilipoingia, supu ikawa nzito na laini, ikateleza kwenye mwiko. Sidhani krimu ingefanya vizuri zaidi, na hilo nalisema nikijua sista angebisha.

Rangi ndiyo iliyoniangusha. Boga la njano na zabibu nyeusi vikichanganyika havitoi rangi ya kuvutia mgonjwa. Ilikuwa kahawia yenye zambarau ndani yake. Tuliiacha ipoe hadi vuguvugu, mama mkwe akaipeleka, mimi nikabaki nyuma ya pazia la mlango.

Kimya. Kijiko kikagonga bakuli. Kikagonga tena.

"Nyama yake iko wapi?" mzee akauliza.

"Haina," mama akamjibu.

"Supu haina nyama?"

Kijiko kikaendelea. Baada ya muda nikasikia bakuli likiwekwa chini, kisha: "Mwite mama yako." Binti akatoka mbio. Nikajifunga kanga vizuri, nikaingia, nikapiga goti karibu na mlango.

"Abee, baba."

"Chakula hiki ni cha kwenu Usambaani?"

"Hapana, baba. Nilifundishwa na sista mmoja Mjerumani."

Akatikisa kichwa taratibu, akiwa ameshika shavu. Halafu akaanza kuongea nami, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza zaidi ya salamu. Alisema baba yake alikuwa mtoto wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Majeshi yalipita Ugogo, kwanza hawa, kisha wale, na kila aliyepita alichukua ng'ombe, akachukua nafaka, akachukua wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikakataa. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyoanza 1917 na kuendelea karibu miaka mitatu. Babu yake alikuwa na zizi lililojaa. Likabaki miti mitupu. Watu wakaingia porini kuchimba mizizi. Alieleza yote hayo polepole, kwa mdomo wa nusu, maneno yenye s yakimtoka kwa shida kwa sababu ya uvimbe, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Kisha akalitazama bakuli.

"Walichukua ng'ombe," alisema. "Leo wameleta boga. Tena boga langu mwenyewe."

Mama mkwe akaangua kicheko, mimi nikashindwa kujizuia, mzee naye akajaribu kucheka akaumia, akatufukuza wote wawili. Bakuli lilirudi jikoni likiwa jeupe.

Siku iliyofuata maelekezo yalikuja kupitia kwa binti: zabibu zipunguzwe, zinamchoma kwenye kidonda, karanga ziongezwe, rangi waiache hivyo hivyo, yeye hali kwa macho. Alikuwa sahihi kuhusu zabibu, zilizidi. Nikapunguza kwa nusu na ikawa bora. Alikula hiyo mpaka nyuzi zikatolewa, mchana na jioni, na gunia likapungua kwa kasi.

Krismasi tulikwenda Mvumi. Mama mkwe alinikaribisha kwa bakuli la kitu nilichokitambua kwa harufu ya karanga. Nikaonja. Boga lilikuwa la kuchemsha, na mahali pa zabibu alitia unga wa ubuyu, mwingi, ukakata ulimi vizuri kabisa. Ilikuwa nzuri. Lakini ile ladha ya moto haikuwepo, na mimi sista alinilea vibaya, siwezi kunyamaza kwenye jambo la boga.

"Mama," nikamwambia, "ungelioka kwanza."

"Kwa mkaa wa nani, mwanangu?" akaniuliza, na kuniongezea upawa wa pili.