Miezi mitatu nailaumu bastola

Kila nikienda kulenga shabaha nilirudi na aibu. Risasi mbili safi, ya tatu ganda linagoma kuruka: limebanwa na slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua), limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda kama bomba la moshi. Nalikung'uta, naendelea, baada ya risasi chache tena. Wenzangu wanajifanya kutazama kwingine.

Daktari wa kwanza alikuwa shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata manati. "Hiyo ina kiu, shem. Inyweshe." Akaniletea kichupa cha mafuta ya cherehani. Nami, mtu mzima mwenye leseni ya polisi, nikaimiminia mpaka ikateleza kama kambare. Sasa mimi naishi Kigamboni, upepo wa bahari na vumbi la mtaani havina likizo. Wiki mbili baadaye naifungua, nakuta tope jeusi zito kama uji wa ulezi, limejaa hadi chini ya ile kucha inayong'ang'ania kitako cha ganda na kulivuta kutoka kwenye chemba, chumba kinamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa. Kucha isiposhika vizuri, ganda litarushwa na nini? Nilichokonoa kwa kijiti cha meno na mswaki wa zamani karibu saa nzima. Kumbe inatosha tone moja moja kwenye reli za slaidi, na chemba ibaki kavu.

Ikapona nusu. Fundi mmoja akasema springi imechoka, niweke mpya iliyo ngumu zaidi. Na ufundi wake, kama laki mbili hivi. Nilishaanza kuhesabu noti.

Bahati, pale uwanjani kuna mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu. Aliomba bastola yangu, akapiga magazini nzima, yaani kasha zima la risasi. Maganda yote yaliruka kulia yakatua karibu sehemu moja. Akanirudishia. Mimi risasi ya nne tu, bomba la moshi.

"Kijana, mkono wako mlenda."

Slaidi, akanieleza, inahitaji fremu, mwili wa bastola wenye mshikio, iliyoshikwa imara ili irudi nyuma mpaka mwisho. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu nayo inarudi, slaidi inaishia njiani na kulibana ganda kabla halijatoka. Ile springi ngumu ya fundi ingezidi kuniharibia!

Kisha akanipa mtego wake, na huu niliupenda: weka risasi moja tu kwenye magazini, fyatua. Slaidi ikibaki nyuma, imefika mwisho. Ikijifunga, haikufika. Kwa mshiko wangu wa kikombe cha chai ya moto ilijifunga mara kwa mara. Nilipokaza vidole vitatu vya chini na kunyoosha kifundo, ikabaki wazi, mara kumi mfululizo. Nilihesabu kwa sauti, mzee akanyamaza tu.

Kukwama kukabaki kwa aina nyingine: risasi inainua kichwa, inagota mlangoni mwa chemba. Nikazitia magazini zangu tatu nukta za rangi ya kucha ya mke wangu (sikumwomba, kesi bado inasikilizwa). Kila ikikwama, ni yenye nukta mbili. Midomo ya magazini hiyo ilipinda siku niliyoidondosha kwenye saruji. Nimeitupa kapuni.

Kile kichupa cha shemeji bado kipo. Tunapaka bawaba za geti.